Deni Limefutwa, Mkono Bado Umekaba

Dominika ya 24 ya Mwaka A. Masomo: YbS 27:30–28:7; Rum 14:7-9; Mt 18:21-35



Wapendwa wasikilizaji, makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, nanyi wagonjwa mnaotusikiliza mkiwa vitandani, tunawasalimu kutoka hapa Mlali, wilayani Kongwa. Injili ya Dominika ya leo ni ile ya mtumwa aliyesamehewa deni kubwa na mfalme wake, kisha akatoka nje na kumkaba koo mwenzake kwa ajili ya deni dogo. Tumeisikia mara nyingi mno, hata imekuwa kama njia ya kwenda kisimani: miguu yaijua, macho hayaitazami tena. Basi leo tuitazame polepole, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo baadhi yenu hutuuliza baada ya Misa, tena kwa uchungu. Ikiwa huruma ya Mungu haina mpaka, mbona hawaokoi watu wote, watake wasitake? Na ikiwa ametupa hiari, msamaha wake wafanya nini pale ambapo hiari yetu yasema hapana?

Tuanze na hesabu, maana Bwana wetu mwenyewe ameanza na hesabu. Mtumwa wa kwanza anadaiwa talanta 10,000. Mwenzake anadaiwa dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, kama tuonavyo katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Talanta moja ilikuwa dinari 6,000 hivi. Kwa hiyo yule wa kwanza anadaiwa vibarua vya siku milioni 60. Mtu akilima kila siku pasipo kupumzika hata Dominika (jambo ambalo hatulishauri), angehitaji zaidi ya miaka 160,000 ili alimalize. Yule wa pili anadaiwa vibarua 100, yaani kazi ya msimu mmoja wa kulima na kupalilia. Ni deni dogo, lakini si kitu bure. Kila mwenye familia hapa kwetu ajua thamani ya siku 100 za jembe. Bwana wetu hasemi kwamba yale tuliyokosewa ni ya kuchezea. Anataka tu tuyaweke kando ya lile deni jingine, tupime.

Wilaya yetu ya Kongwa nayo imewahi kuona fedha nyingi zikifutwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapa mradi mkubwa wa karanga. Wakaleta matrekta, wakang'oa vichaka, wakitarajia kupata mafuta ya kula kwa ajili ya watu wao waliokuwa wametoka vitani. Wakati wa kiangazi ardhi ikawa ngumu kama saruji, mvua nazo zikawapiga chenga, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikauacha mpango ule na kufuta vitabuni zaidi ya paundi milioni 30. Hatuutaji mradi huo ili kumcheka mtu. Twautaja kwa sababu unaonyesha kwamba deni linapofutwa, hasara haiyeyuki hewani. Yuko mtu anayeibeba. Pale waliibeba walipa kodi wa Uingereza, ambao wengi wao hawakujua hata Kongwa iko upande gani wa dunia. Katika mfano wa Bwana, hasara anaibeba mfalme mwenyewe. Ndiyo maana katika makanisa yetu msalaba hutundikwa mahali panapoonekana na wote: pale twaona nani aliyebeba hasara, na ilimgharimu nini.

Sasa tumtazame yule mtumwa alivyoomba. Alipopiga magoti hakuomba msamaha, aliomba muda. Alisema avumiliwe, naye atalipa yote, kana kwamba miaka 160,000 ingemtosha! Mfalme akampa asichokiomba: akamfungua na kumfutia deni lote. Yaelekea mtumwa hakuyasikia vema maneno yale. Alitoka akiwa bado mtu wa kudai na kudaiwa, anayetafuta senti za kuanzia kulipa. Aliachiliwa, lakini msamaha hakuupokea. Na moyo wa jambo letu u hapa: mfalme hakumfunga mikono. Angeweza kumtuma askari amfuate mpaka mlangoni, amzuie asimguse mwenzake. Hakufanya hivyo. Yule aliyesamehewa alitoka akiwa mtu huru, na kwa uhuru ule ule akaunyosha mkono wake na kukaba koo la mwenzake.

Kanisa limeulinda ukweli huu kwa karne nyingi, hata katika nyakati ambazo kuuacha kungekuwa rahisi zaidi. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 15, kinafundisha kwamba Mungu alipomwumba mtu alimwachia shauri lake mwenyewe, akaweka mbele yake moto na maji ili anyoshe mkono apendako. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, alishindana miaka mingi na wale waliosema kwamba mtu aweza kujiokoa kwa nguvu zake. Hata hivyo, yeye huyo alifundisha kwamba Mungu aliyetuumba pasipo kutuuliza hatatuokoa pasipo sisi kukubali. Nao Mtaguso wa Trento, mwezi wa Januari mwaka 1547, uliyashika mambo hayo mawili kwa pamoja: pasipo neema mtu hawezi kuinuka, lakini neema inapomgusa, aweza kuikubali na aweza kuikataa. Yeye si gogo la kusukumwa.

Twasema haya kwa sababu katika nchi yetu tunayo maneno mengi ya kuikimbia hiari. Mtu amempiga mkewe: shetani alinipitia. Amekula fedha za kikundi: ilikuwa bahati mbaya. Amempa mimba binti wa shule: ndivyo ilivyoandikwa. Mwingine hukimbilia kwa mganga aambiwe ni nani aliyemroga, na hapo kosa lake linageuka kuwa kosa la jirani. Shetani yupo, wala hatumpunguzii hesabu yake. Lakini kazi yake ni kushawishi, hana mkono wa kutushikia fimbo. Mwanzoni mwa Misa twajipiga kifua na kukiri, tena kwa kurudia, kwamba tumekosa sisi. Hatumpigi jirani kifua, wala Ibilisi hatumtaji. Watu hudhani kwamba mwenye kujitetea kwa maneno hayo anajipunguzia mzigo. La, anajifungia mlango. Kosa lisilo letu hatuwezi kulitubu, na lisilotubiwa litasamehewaje?

Hata hivyo yafaa tuwe waangalifu, kwani Kanisa halisemi kwamba kila mtu ana uhuru ule ule kila saa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 1735, yakiri kwamba ujinga, hofu, kulazimishwa, mazoea na mambo mengine ya nafsi yaweza kupunguza wajibu wa mtu kwa tendo lake, au hata kuuondoa. Binti aliyelazimishwa hana dhambi ya kuungama katika jambo hilo, na yeyote anayemwambia vinginevyo anamwongezea jeraha. Mtu aliyelewa pombe kwa miaka 20 hana tena mkono ule aliokuwa nao aliposhika kibuyu cha kwanza. Lakini kupungua si kwisha. Mlevi yule, asubuhi moja katika nyingi, huamka akiwa na nguvu ya kusema neno moja tu: nisaidieni. Neno hilo ni lake. Mungu hudai hilo analoliweza, na kwa hilo humpa linalofuata.

Hapa Mlali kipo kituo cha watoto wenye ulemavu wa viungo, na wengi wenu mnakijua. Tuseme kwanza, asije mtu akakosea, kwamba ulemavu si adhabu ya dhambi ya mtoto wala ya wazazi wake. Bwana wetu alilikata neno hilo katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane. Tutakachokitazama ni mazoezi. Mtoto anayejifunza kutembea hushikwa kiunoni, huwekewa pa kuegemea, huitwa kwa jina lake na mtu aliyesimama mbele yake. Bila mikono ile angeanguka. Lakini hatua ya kwanza hakuna awezaye kuipiga kwa niaba yake, hata mama yake ambaye angetoa miguu yake mwenyewe ampe. Basi hatua ile ni ya nani? Yote ni ya mtoto, na yote ni ya wale wanaomshika. Ndivyo zilivyo neema na hiari. Hazigawani kazi nusu kwa nusu kama wapagazi wawili wa gunia moja.

Wengine huuliza: lakini Mungu ajua tangu zamani nitakavyochagua, je, mimi ni huru kweli? Mchungaji aliyeketi juu ya kilima awaona watu wawili wakija kwa njia mbili, wasioonana, na ajua kwamba watakutana penye mbuyu. Kuona kwake hakumsukumi hata mmoja wao. Mungu ayaona yote kwa mara moja kutoka juu ya kilima cha milele. Mfano huu una upungufu, kama mifano yote juu ya Mungu, lakini kwa leo unatutosha.

Tuvuke sasa Ziwa Tanganyika, twende mpaka kaskazini-mashariki ya Kongo, kwa sababu huko fumbo hili liliishiwa na binti aliyejua Kiswahili kama sisi. Anuarite Nengapeta alizaliwa mwaka 1939 huko Wamba, katika kabila la Wabudu. Aliingia utawani katika shirika la Jamaa Takatifu, huko Bafwabaka, akaweka nadhiri mwaka 1959. Mwishoni mwa mwezi Novemba mwaka 1964, wakati wa uasi wa Wasimba, askari waliwachukua masista wa Bafwabaka katika lori na kuwafikisha Isiro. Usiku ule kanali mmoja, jina lake Olombe, alitaka kumchukua Anuarite kwa nguvu. Akakataa. Alipigwa kwa kitako cha bunduki, na sista mwenzake aliyekuwa pamoja naye akapigwa vilevile. Katikati ya mapigo yale Anuarite alimwambia mpigaji kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui atendalo. Wakamchoma kwa visu vya bunduki, kisha kanali yule akampiga risasi. Alikufa usiku huo wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, akiwa na umri wa miaka 24.

Tutulie hapa kidogo, wapendwa. Wengi wanapomsimulia Anuarite husifu jambo moja kati ya mawili. Wengine husifu kukataa kwake, wengine msamaha wake. Lakini yalitoka katika moyo mmoja, usiku mmoja, mbele ya mtu yule yule. Utashi uliosema hapana kwa dhambi ndio uliosema nakusamehe kwa mkosaji. Askari walikuwa na bunduki, naye hakuwa na kitu. Hata hivyo, usiku ule kule Isiro aliyekuwa huru kuliko wote ni yeye. Kanali aliweza kuuvunja mwili wake, lakini hakuweza kumfanya atake asichokitaka, wala hakuweza kumzuia asimsamehe. Msamaha haukuwa udhaifu wa mtu aliyeshindwa kukataa. Alikuwa amekwisha kukataa!

Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye heri, na katika mahubiri yake alitamka kwamba yeye naye, kwa jina la Kanisa zima, anamsamehe kwa moyo wote mtu aliyemwua Anuarite. Papa huyo hakuongea kwa nadharia. Tarehe 13 Mei 1981 alipigwa risasi Roma, katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Siku nne baadaye, sauti yake ikitoka kitandani hospitalini, alisema kwamba amemsamehe aliyempiga. Na mnamo Desemba 1983 alikwenda gerezani kuketi naye.

Basi tumfikirie mwuaji wa Anuarite. Kabla damu haijakauka alikuwa amekwisha kusamehewa na yule aliyemwua. Miaka 21 baadaye Kanisa zima likamsamehe hadharani, mbele ya umati. Na kabla ya hayo yote, Mwana wa Mungu alikuwa amekwisha kumfia msalabani. Msamaha ulikuwa tayari, umejaa, wala haukumngoja yeye aanze. Lakini hata shahidi hawezi kumtubia mtu, na hata Papa hawezi. Lilibaki neno moja dogo ambalo hakuna kiumbe angeweza kulisema kwa niaba yake. Kristo anaposema kwamba kumkufuru Roho Mtakatifu hakusamehewi, Kanisa halielewi kwamba ipo dhambi iliyo kubwa kuliko damu yake. Laelewa kwamba yupo mtu ambaye, hata mkono wa Mungu ukinyoshwa mpaka mlangoni pake, aweza kukataa kufungua. Mungu humwita, humgonjea, hubisha tena. Mlango hauvunji. Angeuvunja, aliyemo ndani asingekuwa mwana tena bali mateka, na mateka mfalme aliweza kuwapata bila kwenda msalabani.

Makatekista wetu wanajua hili kuliko wanavyodhani. Mnapowafundisha watoto mambo matano ya kuungama vema, yaani kutafuta dhambi, kujuta, kukusudia kuziacha, kuziungama kwa padre na kutimiza malipizi, mnawafundisha vitendo vitano vya hiari. Neno la maondoleo hulitamka padre, kwa mamlaka isiyo yake. Hayo matano hakuna padre awezaye kuyafanya kwa ajili ya mwingine. Tena msiliharakishe lile la malipizi, kama ilivyo desturi siku hizi, watoto wakidhani ni Salamu Maria tatu basi yamekwisha. Zakayo aliposhuka mtini alirudisha mara nne. Kristo hakumdai, alijidai mwenyewe, kwa kuwa sasa alikuwa huru.

Neno moja kwa wale waliokosewa, kwa maana tukinyamaza hapa tutawaumiza. Yuko mama anayepigwa nyumbani, na kila anapokimbilia kwa wazee wa jumuiya huambiwa: samehe, mama, rudi kwa mumeo. Kusamehe ni kuuachia moyo usimtakie mkosaji uovu, na kumwombea aokoke. Si kurudisha mgongo kwenye fimbo, wala si kuwaficha polisi jambo lililo lao. Anuarite alisamehe, na hakukubali hata kidogo. Mtu aliyempiga Papa risasi alisamehewa baada ya siku nne, na bado alikaa gerezani miaka mingi. Msamaha na haki si maadui. Anayemlazimisha aliyeumizwa kutamka msamaha kabla ya moyo wake kufika, anasahau kwamba yeye naye amepewa hiari, na kwamba hatua ile ya kwanza hapigiwi mtu.

Lakini wengi wetu, tukisema kweli, hatumo katika hali ya mama huyo. Sisi tumo katika dinari 100. Ng'ombe wa jirani wameingia katika mtama uliokwisha kuiva. Wazee wamekaa, faini imepangwa, imelipwa. Mbele ya watu tumeshikana mikono na kusema yamekwisha. Kisha unapita mwaka, hatusalimiani. Tunapeana amani ya Kristo kanisani tukitazama pembeni. Mtoto wake akiugua, tunapata kazi nyingi siku hiyo. Tukiulizwa, twajibu kwamba tumesamehe ila hatusahau. Kukumbuka si dhambi, maana akili haifutwi kama ubao wa darasani. Tujiulize kuhusu mkono: bado uko kooni, au tumeuondoa? Kwa maana mkono ulioshika koo la jirani hauwezi wakati huohuo kunyoshwa kupokea, na hii ndiyo sababu mfalme alikasirika. Hakuwa amegeuka na kuwa mkali baada ya kuwa mpole. Alimkuta mtumwa wake ameshika kwa mikono miwili kitu kingine, hana mkono wa kupokea zawadi aliyopewa asubuhi.

Twapenda kumaliza na mtu ambaye katika mfano huu hasemwi sana, yule mwenye deni la dinari 100. Alitupwa gerezani. Watumwa wenzake walihuzunika, wakaenda kwa mfalme wakamweleza yote. Mfalme akamwita mwenye kukaba, akamhukumu. Lakini Injili haituambii ni nani aliyekwenda kumfungulia yule wa gerezani, wala kama mkewe na watoto wake walikuwa na chakula siku hizo. Juma hili, jumuiya zitakapokutana, katekista asome tena aya hizi, kisha aulize kimya kimya, pasipo kutaja majina: hapa kwetu, ni nani aliyemo ndani kwa ajili ya deni letu, na ufunguo yuko nao nani?

Tumsifu Yesu Kristo.